Uji Tulioukataa Nyeri

Ndugu zangu,

Mmeniuliza sana habari za safari yetu ya Nyeri, nami kila mara nimejibu nusu nusu. Mmoja nilimweleza baridi, mwingine nikamweleza gunia la papa, na wa tatu akaondoka akidhani tulikwenda kule kuchuma kahawa. Yote hayo ni kweli, ila hayaeleweki yakigawiwa vipande vipande. Basi leo nimekaa niyapange kwa utaratibu, tangu stesheni mpaka stesheni. Iko sababu ya kuyaandika wiki hii hasa, nayo tutaifikia.

Tulikuwa kumi na wawili, wote wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu, na mimi nikiwa kiongozi. Tulikwenda likizo ya Desemba kusaidia kujenga darasa moja la mbao. Moja tu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akatarajia kasri.

Mombasa hadi Nairobi

Kabla ya treni kuondoka, Bwana Mwadime, mkufunzi wetu, alitukusanya pembeni akatupa amri moja.

"Hamwendi kula," alisema. "Mnakwenda kutumika. Nikisikia mmegusa hata punje moja ya maharagwe ya wenyeji, mtanijibu mimi. Rehema, nipe mkono."

Nikampa mkono, nikaahidi kwa niaba ya wote.

Msimwone mkali. Alikuwa amewahi kuona kikundi cha vijana kikienda mahali penye njaa, kikapokewa vizuri, na kwa wiki moja kikamaliza chakula ambacho wenyeji waliweka cha miezi. Aibu ile hakuisahau. Amri yake ilitoka katika moyo mwema, na tafadhali likumbukeni hilo tutakapofika Nyeri.

Kwa sababu ya amri hiyo tulisafiri na ghala zima: magunia mawili ya mchele, nazi, tende, na gunia la papa mkavu ambalo mpishi wetu, Salim, hakukubali litoke ubavuni pake.

"Huyu papa ni mwenzetu wa kumi na tatu," alisema.

Abiria waliokaa karibu nasi katika daraja la tatu walianza kuhama mmoja mmoja. Tulipofika Voi, benchi mbili nzima zilikuwa zetu. Tulilala tumenyoosha miguu kama matajiri.

Nairobi hadi Murang'a

Kondakta wa basi la Murang'a alilishika gunia, akalinusa, akaliweka chini polepole.

"Hii gunia iko na nani ndani?"

"Samaki," Salim akajibu.

"Samaki alikufa lini?"

"Kabla ya Uhuru," akasema mzee mmoja kutoka dirishani, na basi zima likacheka. Papa akapandishwa juu ya paa, Salim akakaa dirishani akichungulia juu kila kona.

Murang'a tulifika asubuhi ya saa nne, na hapo ndipo safari ilipokwama. Basi la kutupeleka mbele kupitia Kiriaini lilikuwapo, dereva alikuwapo, lakini dereva aliyaangalia mawingu ya upande wa Nyandarua, akazima injini, akaenda zake kunyoa ndevu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu tangu jana, na barabara ilikuwa matope matupu.

Tulikaa barazani kwa mwenye duka la vyuma, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitutolea vibao vya kukalia bila kuulizwa.

"Hiyo njia usiulize ni maili ngapi," alitufundisha. "Uliza ni kona ngapi."

Akataka kutuletea chai. Nikamweleza amri yetu kwa upole. Alinisikiliza kichwa kikiwa upande, kama mtu anayesikiliza saa iliyosimama. Aliposikia ni darasa tunakwenda kujenga, aliingia ndani akatoka na pakiti ya misumari ya mabati. Nilifikiri kidogo. Misumari si maharagwe. Nikaipokea.

Kiriaini, mahali tulipoambiwa ukweli tukacheka

Saa tisa alitokea Kariuki, dereva wa lori lililokuwa likipeleka magunia matupu kwenye viwanda vya kahawa vya Othaya. Alikubali kutuchukua. Nawaambia, asiyewahi kulala juu ya magunia matupu elfu huku lori likipanda milima ya chai hajui raha ya safari. Tatizo lilikuwa baridi. Sisi tulikuwa tumevaa mashati ya Mombasa, na upepo wa kule haujui shati.

Kiriaini Kariuki alisimama kula. Mama mwenye hoteli alituona tunavyotetemeka, akatuwekea sinia la nduma za moto na birika la chai. Nduma ni yale magimbi yao ya zambarau, na moshi ulikuwa ukipanda juu yake. Nikasimama, nikashukuru vizuri sana, nikasema tunacho chakula chetu. Tukatoka kukaa nje kwenye manyunyu, tukatafuna mahamri ya juzi na tende. Mama yule alibaki mlangoni ameshika birika, akitutazama kana kwamba tumemrudishia barua yake bila kuifungua.

Kariuki alitoka akijipangusa mdomo.

"Ati mnaenda kujenga shule?"

"Ndiyo," nikasema.

"Na mnabeba chakula yenu?"

"Yote. Hatutaki kumlemea mtu."

"Aa!" Akatikisa kichwa kama aliyepata jibu. "Basi nyinyi ni watu wa kandarasi."

Tulicheka sana. Sisi, wanafunzi, watu wa kandarasi! Kumbe mtu huyu alikuwa ametupa ufunguo wa safari nzima, nasi tukautupa pamoja na kokwa za tende.

Othaya hadi Nyeri

Kutoka Kiriaini tulisukuma lori mara mbili na lori likatusukuma sisi mara moja, kwa maana liliteleza kurudi nyuma nasi tukaingia kwenye majani ya chai. Othaya Kariuki alishusha magunia yake. Alipaswa kuishia hapo. Alitutazama tulivyolowa, akasema, "Hamtafika. Pandeni," akatupeleka mpaka Nyeri. Alikataa shukrani, ila aliomba nazi moja akamwonyeshe mkewe.

Jua likizama tulishuka nje kidogo ya mji, upande wa mtoni, na Mwalimu Muthoni alikuwa akitungoja barabarani na mwavuli.

Sasa nieleze jambo lililokuwa hatarini, maana bila hilo mengine ni hadithi ya chakula tu.

Muthoni alikuwa binti wa umri wetu. Kwa mwaka mzima alikuwa amefundisha darasa la kwanza ndani ya ghala la kiwanda cha kahawa. Mavuno yalipofika kiwanda kilitaka ghala lake, na hakikukosea. Afisa wa elimu alikuwa amesema atakuja Jumamosi ya wiki ile. Akikuta chumba chenye kuta, paa, dirisha na mlango, ataiandikisha shule. Asipokikuta, watoto watagawiwa shule ya ng'ambo, na kwenda huko ni kuvuka mto kila asubuhi juu ya magogo mawili. Watoto wa miaka sita, msimu wa mvua.

"Nimewaahidi wazazi," Muthoni alisema.

Mbao zilinunuliwa na wazazi kwa harambee, lakini lori lilizimwaga chini bondeni kwa sababu ya matope. Kuzipandisha ilikuwa kazi ya wanawake wa pale, ambao hubeba mzigo mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Tulijaribu. Salim alipiga hatua nne akakaa chini, ubao ukiwa bado umemkalia.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano

Jumatatu walikuja wanawake wengi hata sikuweza kuwahesabu, wakiongozwa na Mama Wairimu, mwenyekiti wao, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Mbao zilipanda. Fundi Ndirangu, seremala, alisimamisha nguzo. Sisi tulichimba, tukashika, tukapigilia.

Saa nne wanawake walileta uji katika vibuyu. Mama Wairimu mwenyewe alinipa changu kwa mikono miwili. Nikakumbuka mkono wa Bwana Mwadime, nikasema kwa tabasamu langu bora kabisa, "Asante sana mama, tumeshiba." Wenzangu wote wakafuata. Salim akafunua sufuria yake ya wali wa nazi, na harufu ya papa ikashuka mpaka mtoni.

Jumanne walikuja wanawake kumi. Jumatano hakuja hata mmoja.

Tulikaa kwenye nguzo zetu tukitazama bonde. Nguzo zilikuwa zimesimama, mbao zaidi ya nusu bado ziko chini. Fundi Ndirangu alikuwa akinoa patasi ambayo tayari ilikuwa kali.

"Mkibeba nyinyi," alisema bila ubaya, "tutamaliza Pasaka."

Nilimwuliza Muthoni tumekosa nini. Aliona haya, akatazama viatu vyake. "Mimi siwezi kuuliza wamama," akasema. "Ni wakubwa wangu. Lakini wewe ni mgeni. Mgeni anaruhusiwa ujinga."

Basi nikaenda.

Mama Wairimu alikuwa shambani kwake akichuma kahawa, kikapu kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Mzuri," akajibu, mikono haikusimama.

"Mama, mbona leo hamkuja?"

"Kahawa imeiva."

"Hata Jumatatu ilikuwa imeiva."

Akacheka kidogo puani. "Wewe mtoto uko na macho. Haya, na mimi nikuulize. Serikali inawalipa ngapi?"

"Nani?"

"Nyinyi."

"Hatulipwi, mama. Tumekuja kujitolea."

Hapo mikono ikasimama. "Ati kujitolea! Mtu wa kujitolea anakuja na mchele yake, na nazi yake, na mpishi yake?"

Akaweka kikapu chini, akanieleza taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Sikiza. Hapa kwetu mtu akija kunisaidia, mimi namkorogea uji. Akikunywa, mimi nimekubali kesho niende kwake, nikunywe yake. Hiyo tunaita ngwatio. Sasa mtu anakuja, nampa uji, anasema ameshiba, saa nne asubuhi! Huyo hataki niende kwake. Huyo ni fundi wa kandarasi, yeye na sufuria yake. Analipwa. Na kama analipwa, kwa nini mimi nimbebee mbao bure, na kahawa yangu inaanguka chini?"

Nilikaa pale pale kwenye udongo mwekundu. Akilini nilimwona Kariuki akijipangusa mdomo. Nilimwona mama wa Kiriaini na birika lake.

Nikamsimulia yote: amri ya Bwana Mwadime, ile njaa, ile aibu, na mkono niliompa. Alicheka mpaka akashika shina la mkahawa asianguke.

"Huyo mwalimu yenu ni mtu mzuri," alisema akifuta macho. "Lakini ameogopa njaa ya mahali pengine."

"Basi kesho tutakunywa uji, mama."

"Uji ya nani? Uji hainywewi kama maji ya mtoni. Kwanza kazi." Akaitazama mikahawa yake, mistari na mistari, matunda yamewiva mpaka yanameta. Na mimi, polepole, nikaelewa.

"Tukija kukuchumia?"

"Mkija, mtakunywa. Mkikunywa, wamama wataona."

Siku tuliyoipoteza

Niliporudi na habari hiyo, Salim alishika kichwa.

"Rehema, zimebaki siku mbili! Darasa halina ukuta, na wewe unatupeleka kuchuma kahawa?"

Nilikuwa na hofu ileile. Tukienda, kisha wanawake wasije, tumeipoteza Alhamisi nzima, na shule pamoja nayo. Niligeuka kumtazama Muthoni kwa sababu watoto walikuwa wake. Alifunga kitambaa chake kichwani, akakaza fundo, akaanza kuteremka njia ya kwa Mama Wairimu, kwenda kumwambia tutakuja. Mjadala ukaishia hapo.

Alhamisi tulikuwa shambani ukungu haujaondoka. Kuchuma kahawa kunaonekana rahisi, na kweli mtu yeyote anaweza kujifunza kwa saa moja, mradi akubali kukaripiwa. Unachuma nyekundu, kijani unaiacha. Salim alichuma zote.

"Hii kijani ni ya nani?" Mama Wairimu akaita. "Ni ya huyu kijana wa samaki? Wewe, ukioa utachukua msichana na nyanya yake pamoja!"

Saa nne uji ukaja. Nilipokea kibuyu kwa mikono miwili. Ulikuwa wa vuguvugu, mzito, umechacha, na nilipouinamia niliuhisi mkono wa Bwana Mwadime ndani ya wangu. Nikamwomba radhi kimoyomoyo, nikanywa. Ukali wake ulinifumba jicho moja. Halafu ukatua tumboni kama blanketi, na kwa mara ya kwanza tangu Murang'a sikuhisi baridi.

Salim alinusa chake. "Mama, samahani. Hii si pombe?"

"Pombe ni ya wazee. Hii ni ya watu wa kazi."

Akanywa. Akarudisha kibuyu kikiwa kitupu, lakini hakukiachia.

Katika mashamba ya jirani wanawake walikuwa wamesimama wakitutazama juu ya ua. Mmoja akapaza sauti akauliza jambo kwa Kigikuyu. Mama Wairimu akajibu, na kicheko kikaenda shamba kwa shamba mpaka mwisho wa mlima.

"Wamesema nini?" nikamwuliza Muthoni, naye alikuwa akicheka mpaka kikapu kinatikisika.

"Ameuliza, wamekunywa? Akajibiwa, kuna mmoja anaomba ya pili."

Mlango

Ijumaa tulitoka mapema tukidhani tutawatangulia. Tulikuta mbao kumi na tano zimeshapanda. Wanawake walikuwa wakipishana njiani wameinama, mikanda kwenye paji, wakiimba, na walikuja wengi kuliko Jumatatu. Kuta zilikamilika kabla ya giza. Jumamosi asubuhi tuliezeka mabati, na mabati mawili ya mwisho yalishikwa na misumari ya yule mzee wa Murang'a.

Afisa alifika saa tano na viatu vya mpira. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipima dirisha, akagonga ukuta, akatazama juu. Muthoni alimfuata nyuma amekumbatia daftari la mahudhurio.

"Paa lipo," afisa akasema. "Dirisha lipo. Mlango uko wapi?"

Tukageuka wote. Pale palipopaswa kuwa na mlango palikuwa na uwazi, na ndani ya uwazi mbuzi.

"Mlango unapanda," Fundi Ndirangu akasema.

Na kweli ulikuwa unapanda. Chini kwenye njia tuliuona mlango mzima, umesimama, ukija wenyewe. Ulipokaribia tukaona miguu miwili chini yake, kisha mkanda, kisha uso wa Mama Wairimu unaotiririka jasho.

"Ngojeni!" aliita. "Msiandike bado!"

Afisa alicheka kwa mara ya kwanza. Mlango ulipokuwa ukitiwa bawaba, msichana mmoja alimletea kibuyu cha uji. Akainua kiganja. "Asante, nimesha..."

Wanawake wote waliacha walichokuwa wakifanya wakamtazama. Salim akamsogelea sikioni.

"Bwana," alinong'ona, "nakusihi. Kunywa."

Afisa alitazama nyuso zile, akashika kibuyu kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini. Kisha akamwomba Muthoni daftari, akaandika.

Muthoni aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena.

Kurudi

Tulirudi kwa treni kutoka Karatina, na gunia la papa lilikuwa limejaa nduma. Safari hii nilipokea kila nilichopewa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mwadime. "Tulikula," nikamwambia.

"Punje ngapi?"

"Sufuria, mwalimu."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Nilipomaliza akauliza, "Na wao watakuja lini kwetu?" Nilidhani anafanya mzaha, nikacheka.

Wiki iliyopita imekuja barua ya Muthoni. Watoto wanasoma ndani ya darasa, na mlango unafungika. Kahawa imekwisha. Wanawake wamekaa kikao wakaona kwamba ile Alhamisi walitulipa Ijumaa, lakini siku tulizojenga shule yao hawajazirudisha, na jambo hilo halikai vizuri. Basi Mama Wairimu na wenzake sita wanapanda treni na majembe yao na mikanda yao. Wanafika Jumamosi ijayo. Anauliza kuna kazi gani, na ameomba asipikiwe papa.

Kazi imepatikana: jiko la mamake Salim huko Kisauni, ambalo paa lake lilianguka mwezi jana. Vifaa viko tayari. Kinachotunyima raha ni uji. Bwana Mwadime amejitolea kuupika mwenyewe na amejaribu mara mbili. Wa kwanza haukuchacha, wa pili ulichacha hata paka akahama nyumba.

Kwa hiyo yeyote kati yenu anayejua kuuchachusha sawasawa, naomba aje Ijumaa. Wengine njooni Jumamosi asubuhi na nyundo, na msije na chakula chenu.